Nyuki wa Mitundu na Hesabu za Taifa

Mitundu, kusini mwa Itigi katika Mkoa wa Singida, ni nchi ya misitu na asali. Ndugu zetu wa Visiwani, wenye bahari na karafuu, yumkini watauliza: nyuki wa bara wanatuhusu nini? Jibu letu ni kwamba wanawahusu sana, na wanawahusu zaidi viongozi waliokabidhiwa dhamana ya kugawa huduma.

Karl von Frisch, mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alidhihirisha kwamba nyuki arudipo mzingani hucheza ngoma inayowajulisha wenzake upande na umbali wa maua. Mwaka 2005 Dervis Karaboga wa Chuo Kikuu cha Erciyes, Uturuki, aliiga jinsi nyuki watafutavyo chakula, akatunga utaratibu wa hesabu kwa ajili ya kompyuta. Kila jawabu ni kama ua. Lililo bora huvuta nyuki wengi. Lisiloendelea kuboreka huachwa, na nyuki wake hugeuka mpelelezi wa kutafuta jipya.

Manufaa yake ni nini? Chombo kimoja kikitakiwa kupeleka dawa Kojani, Fundo, Makoongwe na kwingineko hadi vitimie vituo 10, njia za kuvipanga ni 3,628,800. Vikiwa 15, zinapita bilioni 1,300. Hakuna karani awezaye kuzipitia zote. Nyuki wa hesabu huteua njia nzuri kwa muda mfupi, ingawa hawaapi kwamba ndiyo bora kupita zote.

Kazi hiyo yaweza kugawiwa kompyuta nyingi zikokotoazo kwa wakati mmoja. Lakini ushirika huo una mpaka. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwamba kinachozuia kasi ni ile sehemu ya kazi isiyogawanyika: ikiwa ni moja ya kumi, hata mashine elfu hazitafikisha kasi mara kumi. Maofisini ni vivyo hivyo. Majalada mia yakingoja sahihi ya mtu mmoja, kuongeza makarani hakusaidii kitu.

Wala mashine peke yake si maendeleo. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na matunda haba. Funzo ni kwamba chombo kisicho na wataalamu wetu wenyewe ni mzigo. Tena, hesabu iliyojengwa juu ya taarifa potofu hutoa upotofu kwa haraka zaidi. Daftari la zahanati lisipojazwa, kisiwa kizima hukosekana katika hesabu, na wagonjwa wake hungoja.

Kwa hiyo tunawataka maofisa wahakikishe takwimu za wagonjwa, za akiba ya dawa na za maji kupwa na kujaa zinaandikwa kwa uaminifu. Vijana wetu, wa bara na visiwani, wafundishwe hesabu hizi. Na misitu ya Mitundu ilindwe, maana elimu iliyomo humo bado haijamalizwa kusomwa.