Programu ya Kontrola ya Mtandao Inapokwama

Vyama vya akiba na mikopo vinavyotunza hesabu za wanachama katika kompyuta, na kupeleka taarifa zao kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia mfumo wa MUVU, haviwezi tena kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa pambo. Mtandao ukizimika, ni sawa na daftari la fedha kufungiwa kabatini na ufunguo kupotea.

Na uchukuliwe mfano wa chama kilichoko Vingunguti, ambacho wanachama wake ni wauza nyama wanaotegemea machinjio. Ofisi ina vituo 4 vya kurushia mawimbi ya wayafai, na vyote vinaongozwa na kifaa kimoja kiitwacho kontrola. Jumamosi jioni fundi anaweka toleo jipya la programu inayokaa ndani ya kontrola hiyo, ambayo mafundi huiita fimuwea. Jumatatu asubuhi wanachama wamekwisha kupanga foleni, wakitaka fedha za kununulia ng'ombe katika mnada wa Pugu, na hakuna kompyuta inayopata mtandao. Fundi hapokei simu.

Jambo la kwanza la katibu ni kuwahudumia wanachama. Kompyuta ya mtunza hesabu iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye rauta. Ikiwa kwa waya mtandao unapatikana, foleni inaweza kusogea, na tena imekwisha kujulikana kwamba kosa haliko kwa kampuni ya simu bali liko katika kontrola au vituo vyake. Makatibu wengi huruka hatua hii wakaanza kuzima na kuwasha kila kitu, na hapo ndipo hasara huzidi.

Yafaa ieleweke kwa nini vituo vyote huzimika pamoja. Katika mitambo ya namna hii, aghalabu kituo hakina budi kuwa na toleo lile lile lililo katika kontrola. Kontrola ikipata toleo jipya, kila kituo hupakua nakala kutoka kwake, hujizima, kisha hurudi. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na kituo kinachokatiwa umeme katikati yake huenda kikabaki na programu nusu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza ni lazima kutazama salio la LUKU na kuhakikisha betri ya akiba inafanya kazi. Litakuwa jambo la aibu chama kupoteza siku nzima kwa kukosa uniti chache za umeme.

Ikiwa kontrola inaonyesha kwamba vituo vimo katika hali ya kupakua na saa nzima imepita, zipo sababu tatu za kuchunguza. Faili lenyewe huenda liliharibika njiani, hasa kama bando lilikatika. Watengenezaji hutoa tarakimu za uthibitisho ambazo fundi alipaswa kuzilinganisha kabla ya kulitumia. Huenda pia vituo ni vya zamani mno na toleo jipya haliwatambui tena. Hilo huandikwa katika maelezo ya toleo, lakini maelezo hayo hayasomwi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyowatesa mafundi wengi duniani. Kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba baadhi ya vituo vyake vya zamani, miongoni mwao Aironet 1700, 2700 na 3700, vingeweza kukwama katika kupakua baada ya tarehe 4 Desemba 2022. Sababu ni kwamba cheti kinachothibitisha uhalali wa programu yao kilikwisha muda siku hiyo. Kituo hutazama saa, huona cheti kimepitwa, hukataa programu, kisha hujaribu tena bila mwisho. Dawa ya kudumu ni toleo lililorekebishwa. Dawa ya muda ni kuizuia kontrola isichukue saa kutoka mtandaoni, kuirudisha tarehe yake nyuma kabla ya siku hiyo, kuviacha vituo vimalize, kisha kuisahihisha tarehe.

Hapo panahitaji uangalifu. Kumbukumbu zote za kontrola katika muda huo zitakuwa na tarehe za uongo, na mkaguzi atakayezikuta ana haki ya kuuliza. Basi iandikwe katika kitabu cha matukio saa ilirudishwa lini, na nani, na ikasahihishwa lini. Kompyuta ya daftari la wanachama isiguswe tarehe yake kwa hali yoyote.

Ikishindikana yote, kurudi nyuma kunawezekana. Kontrola nyingi huhifadhi matoleo mawili, la sasa na la akiba, na fundi huweza kuchagua lile la zamani wakati mtambo unapowaka. Lakini katika orodha hiyo hiyo mara nyingine limo chaguo la kufuta mpangilio wote, na asiyesoma vizuri hulibonyeza. Kwa hiyo nakala ya mpangilio itolewe kabla ya kazi yoyote.

Wapo viongozi wanaosema afadhali kutobadilisha kabisa. Hilo nalo ni kosa. Mwezi Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha kwamba ulinzi wa wayafai uitwao WPA2 ulikuwa na ufa unaomwezesha aliye karibu kusoma yanayopita hewani, na ufa huo ulizibwa kwa programu mpya. Ofisi inayopitisha salio za watu hewani haiwezi kulipuuza jambo hilo. Kinachotakiwa ni kuchagua siku: isiwe mkesha wa siku ya mikopo, na fundi asiondoke kabla kila kituo hakijarudi na kompyuta moja haijajaribiwa.

Mwisho ni suala la nywila. Katika mfano huu fundi peke yake ndiye aijuaye, na ndiyo maana chama kimekaa kumsubiri. Nywila ya kontrola ni mali ya chama kama ulivyo ufunguo wa sefu. Iandikwe, itiwe katika bahasha iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu, ihifadhiwe ndani ya sefu pamoja na nakala ya mpangilio, na ibadilishwe kila fundi anapobadilishwa.