Kunyemelea porini na kunyemelea kwenye kioo

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita)

Ndugu msikilizaji, leo nalipa deni. Mwaka 2010 mama mmoja wa Mpanda, muuza maandazi karibu na stesheni, aliniomba nizungumzie redioni gemu iliyokuwa ikimla mwanawe. Nilimwahidi, kisha nikakaa na ahadi hiyo miaka mingi kama mtu aliyekalia barua ya mwenzake. Kilichoniamsha ni kwamba Agosti 28, 2025 gemu ile ile ilitolewa upya, imepakwa rangi mpya na kushonwa vizuri zaidi, na vijana wa wakati ule, ambao sasa ni baba za watoto, wakanipigia simu saa nne za usiku, watatu kwa simu moja, kila mmoja akimkata mwenzake kauli.

Gemu yenyewe inaitwa Metal Gear Solid 3: Snake Eater, maana yake mla nyoka. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, nayo ni ya tatu katika mfuatano unaobeba jina hilo, baada ya ile ya mwaka 1998 na ile ya mwaka 2001. Mzizi wake ni wa nyuma zaidi. Mwaka 1987 kijana wa Kijapani aitwaye Hideo Kojima, mwajiriwa wa kampuni ya Konami, alitakiwa atengeneze gemu ya vita kwa kompyuta ndogo ya siku hizo. Kompyuta ile haikuwa na nguvu za kuonyesha maadui wengi na risasi nyingi kwa wakati mmoja. Basi akageuza mambo: badala ya askari anayefyatua risasi ovyo, akatengeneza askari anayejificha asionekane. Umaskini wa mashine ndio uliozaa aina hii ya mchezo, na sisi tuliokulia kwenye mipira ya makaratasi hatuoni ajabu katika hilo.

Sasa nieleze nilivyoingia mimi katika habari hii. Mwaka ule nilikwenda Mpanda kumwona mjomba wangu. Mpanda wakati huo ilikuwa bado katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Kwa asiyeufahamu, ni mji ulio mwisho wa reli ya tawi itokayo Kaliua, reli iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi, nami nasema risasi ya madini, si ya bunduki. Ukiiendea Sitalike, kilomita kama 35 kusini, umefika mlangoni kwa Hifadhi ya Katavi. Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu. Alitembea pori lile kwa miguu miaka mingi, na mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa waliopelekwa katika Operesheni Uhai, ile ya kuwasaka majangili wa pembe za ndovu nchi nzima.

Mama wa maandazi alikuwa jirani yake. Malalamiko yake yalikuwa mawili. La kwanza, chenji ya maandazi ilikuwa ikiyeyukia kwenye kibanda cha gemu pale Makanyagio. La pili, ambalo alilitaja kwa sauti ya chini, ni kwamba gemu hiyo inawafundisha watoto kuvizia watu. "Kaka yangu," akaniambia, "mtoto anayejifunza kunyata usiku atakuja kuwa nani?" Nikamwambia mjomba twende tukaone kwa macho yetu. Mzee akachukua fimbo yake, tukaenda.

Kibanda kilikuwa cha mbao, bati juu, televisheni tatu. Mbili zilikuwa na soka, na hapo ndipo mwenye kibanda alipata riziki yake, kwani katika soka watu wawili wanalipa na mechi inakwisha haraka. Ya tatu, iliyokuwa pembeni, ndiyo iliyokuwa na wale wala nyoka. Anayecheza ni mmoja, lakini wanaotazama na kumshauri walikuwa saba. Mwenye kibanda hakuwapenda. Tena wao wenyewe walikuwa na kilio chao, ambacho sijawahi kukisikia kwa mchezaji yeyote wa Ulaya: walikuwa wakilipa kwa nusu saa, na gemu hii inapenda maneno. Maofisa wanaongea kwenye redio ya upepo dakika kumi, dakika kumi na tano, mchezaji ameshika pedi tu na hela inakwenda. Kuna mahali askari anapanda ngazi ya chuma kwa dakika kama mbili nzima, hakuna adui, hakuna chochote, ila ngazi. "Mzee, hapo ndipo tulipotoa shilingi mia bure," mmoja akaniambia, na kusema kweli alikuwa na uchungu.

Kiingereza chao kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo kijana mmoja aliyesoma hadi kidato cha nne alijitwika kazi ya kutafsiri, kama wanavyofanya wale wa kwenye vibanda vya video. Alipoelewa alitafsiri, na asipoelewa alitunga. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nusu ya hadithi waliyoijua vijana wa Makanyagio ilikuwa ya kwake.

Hadithi ya kweli ni hii, kwa ufupi. Ni mwaka 1964, wakati wa Vita Baridi. Askari wa Kimarekani aitwaye Snake anatumwa peke yake katika msitu wa Urusi ya Kisovieti, na kazi yake ya mwisho ni kumwua mwanamke aliyemlea na kumfundisha ukomandoo, ambaye anadaiwa kuhamia kwa adui. Hana chakula ila anachokiwinda: nyoka, chura, uyoga, matunda. Nyama ikikaa siku nyingi inaoza. Akiwa na njaa tumbo linanguruma, na mlinzi aliye karibu analisikia. Akivunjika mfupa lazima aufunge gango, akipigwa risasi lazima aichomoe. Na kwenye kona ya kioo kuna asilimia inayopanda na kushuka, ikimwambia amefichika kiasi gani kwa nguo aliyovaa, rangi aliyojipaka usoni, na namna alivyosimama au alivyolala.

Mjomba alisimama nyuma ya mabenchi. Watoto walimwamkia shikamoo, kisha wakamsahau. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Na upepo uko upande gani?"

Wakageuka wote. Hakuna upepo, mzee, wakamwambia. Asilimia ile inahesabu nguo na majani.

Basi mzee akaanza. Akawaambia kwamba pale Katavi nguo ni jambo la mwisho. Tembo haoni mbali, lakini pua yake inakufikia kabla hujamwona. Ndiyo maana askari wa porini hubeba kifuko kidogo cha majivu, anakitikisa, anatazama majivu yanaelekea wapi, na hapo ndipo anaamua apite wapi. Mnyama anashtuka zaidi kwa kitu kinachosogea kuliko kwa rangi, na ukitulia kweli kweli swala anaweza kukupita karibu kiasi cha kukushangaza. Rangi zinazokudhuru ni za bluu na nyeusi, si kwa sababu ya majangili bali kwa sababu ya mbung'o, ambao huzifuata rangi hizo. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kuhusu tumbo kunguruma alicheka, akasema hilo wamelipatia. Kanga wakiruka kwa kelele, mtu aliyejificha umbali wa nusu kilomita anajua kuna anayekuja. Wakati wa kiangazi, Mto Katuma unapokauka na viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope, jihadhari na njia iliyo kati ya kiboko na maji usiku, kwani hapo hakuna kujificha, kuna kupisha tu.

Vijana walisimamisha gemu ili wamsikilize. Kwa wanaolipa kwa nusu saa, msikilizaji, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Kisha wakaanza kumsimulia na wao. Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya babu mmoja katika gemu hiyo, mdunguaji mwenye umri wa zaidi ya miaka mia, ambaye anapigana nawe katika msitu mpana, naye ana subira kukuzidi. Mmoja alisema alimtafuta kwa nyayo zake saa mbili nzima. Mwingine akasema yeye alimmaliza bila risasi hata moja, na hapo kelele zikazuka. Ilikuwa hivi. Nusu saa yake ilikwisha katikati ya pambano, akahifadhi kwenye memori kadi, akaenda zake. Siku hizo Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli, na ikatokea kibanda kikakosa umeme siku tisa. Aliporudi na kufungua, akamkuta babu amekufa kwa uzee. Nilidhani ananidanganya, lakini ni kweli: mashine ina saa ndani yenye betri yake, inakwenda hata umeme ukikatika, na watengenezaji waliweka sharti kwamba mchezaji akimwacha mzee yule zaidi ya juma moja, mauti yatamfikia yenyewe. Wenzake walisema huo si ushindi. Yeye akajibu kwamba ushindi ni ushindi, hata wa dizeli.

Ndipo tukafika kwenye mto.

Mahali fulani askari yule anatembea ndani ya mto wa kina kifupi, kuna ukungu, na mbele yake mzuka wa marehemu mmoja unamwita. Hakuna wa kupigana naye. Wanamjia watu wanaolia, wakitembea kumkabili, na watu hao ni wale wale aliowaua tangu mwanzo wa mchezo, kila mmoja na jeraha lake. Aliyeua wengi mto wake hauishi. Aliyetumia bastola ya dawa ya usingizi, akawapita walinzi bila kuwaua, anakutana na wachache tu ambao hadithi imelazimisha. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba wanahesabiwa. Na mwisho wa mto askari anakufa, maandishi yanatokea kwamba amekufa, na mchezaji anatakiwa akumbuke kwamba ana kidonge cha kumwamsha. Kibanda kizima kilikuwa kimekwama hapo siku nne, wakidhani diski imekwaruzika, mpaka mtafsiri wetu akakumbuka kidonge.

Aliyekuwa ameshika pedi jioni ile alikuwa mtoto wa mama wa maandazi. Alikuwa mpigaji hodari, msifiwa wa kibanda. Akaingia mtoni, na watu wakaanza kuja. Wakaja, wakaja. Mwanzoni wenzake walicheka na kuwahesabu. Walipofika thelathini hakuna aliyekuwa anahesabu tena.

Mjomba akauliza, "Hawa ni kina nani?"

Akaambiwa. Hakusema neno. Alikaa kwenye ncha ya benchi mpaka mto ulipokwisha, akaaga, tukatoka. Tulipofika karibu na reli alisimama kama anayepumzisha mguu, akasema, "Mpwa wangu, mimi ninaye mmoja." Nilingoja aendelee. Hakuendelea, nami sikumwuliza, siku ile wala baadaye. Alifariki mwaka 2019.

Kuhusu yule kijana, alifanya jambo ambalo mama yake hakulipenda hata kidogo: aliianza gemu upya kutoka mwanzo. Miezi miwili ya chenji za maandazi ilikwenda hapo. Safari hii alinyata, alilala kwenye nyasi, aliwatia walinzi usingizi, na akashindwa mara nyingi kuliko alivyowahi kushindwa, kwani kumpita mtu bila kumdhuru ni kazi kubwa kuliko kumpiga. Hakutaka kusema kwa nini. Wenzake walisema anatafuta sifa za kuvuka mto mtupu. Huenda.

Katika hadithi ile, mwishoni kabisa, yule mwalimu wake amelala katika uwanja wa maua meupe, na gemu inanyamaza. Haimwui yenyewe. Inamngoja mchezaji abonyeze. Vijana waliniambia kwenye simu kwamba kila mmoja alikaa pale kwa muda wake, na mmoja alimpa mwenzake pedi. Baadaye ndipo inajulikana kwamba mwanamke yule hakuwa msaliti, bali alikuwa ametumwa, kama yeye alivyotumwa.

Sasa mama yangu wa maandazi, jibu langu limechelewa miaka, nawe mwenyewe ulikwisha kupata lako. Kuhusu fedha ulikuwa na haki, na ningekuwa mimi ningemfungia mlango. Mtoto kula chenji ya mtaji wa mama yake ni wizi hata kama ni wa shilingi mia mia. Kuhusu kuvizia nadhani hukuwa na haki. Nimeziona gemu nyingine ambamo maiti zinatoweka sakafuni kabla hujageuka, na hizo zinanitia wasiwasi zaidi.

Kibanda kile hakipo. Mahali pake panauzwa vifuniko vya simu. Gemu mpya inahitaji mashine mpya au kompyuta yenye nguvu, na bei yake si ya chenji. Vijana watatu walionipigia wanachanga waipate mmoja wao atakapokwenda Dar es Salaam. Mwanao, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki, ameitunza ile memori kadi ya megabaiti 8 kwenye droo ya spana. Anasema ndani yake kuna sehemu moja aliyoihifadhi mwaka 2012 katikati ya pambano na yule babu mdunguaji, na hakuifungua tena. Ndicho walichokuwa wakibishania usiku ule: kwamba siku watakapopata mashine ya zamani inayowaka, babu watamkuta amekufa kwa uzee, au watamkuta hai, kwa kuwa betri ya saa ya mashine itakuwa imekufa kabla yake.