Kwa nini mkufunzi wa kupanda miamba haamini kabari moja

Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, watu hukifikia kwa kutembea. Batian, kilele cha juu zaidi cha Mlima Kenya, kina mita 5,199 tu, lakini kukifikia ni kazi ya kukwea mwamba kwa kamba. Je, kamba hiyo inashikwa na nini?

Wavuvi wa Kirando wanalielewa swali hili. Mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi kimoja, upepo ukivuma usiku na kigingi kikang'oka, asubuhi hauupati. Mwambani, anayepotea ni mtu.

Anayesomea ukufunzi hujifunga yeye kwanza kabla ya kusogea ukingoni. Kisha hugonga mwamba kwa kiganja: ukilia kama debe tupu, au ukitikisika, anauacha. Mwamba ukiwa mzima, hutafuta ufa unaopungua upana kwenda chini, hupachika kabari ndogo ya alumini, na kuivuta kwa nguvu kuelekea upande ambao uzito utavuta. Huweka kabari mbili au tatu, zisitegemee jiwe moja.

Kabari hizo huunganishwa kwa kamba hadi sehemu moja, na hapo hufungwa fundo, ili moja ikichomoka nyingine ishike bila mshtuko.

Linabaki suala la pembe. Jaribuni nyumbani: pitisheni kamba kwenye mpini wa ndoo ya maji, kila mtu ashike ncha moja. Mkisimama karibu, kila mmoja anabeba kama nusu. Mkiachana, ndoo inakuwa nzito, ingawa maji hayajaongezeka. Mwambani ni hivyo hivyo. Kwa kabari mbili, pembe kati ya kamba ikiwa digrii 60, kila kabari hubeba takriban asilimia 58 ya uzito. Ikifika digrii 120, kila moja hubeba uzito wote. Ndiyo maana mkufunzi hurefusha kamba ili pembe iwe ndogo.

Kabla ya kupanda, mwanafunzi na mkufunzi hukaguana mafundo, mikanda ya kiunoni na karabina. Mkufunzi mzoefu naye hukaguliwa.

Haya hayajifunzwi kwa kusoma tu. Mazoezi huanzia chini, mbele ya mjuzi. Lakini kanuni yake inamfaa hata mchimba kisima: uhai wa mtu usining'inie kwenye kitu kimoja.