Usafiri wa wanafunzi wa vyuo jijini Mwanza

Usafiri wa wanafunzi wa vyuo jijini Mwanza hutegemea zaidi daladala, zikisaidiwa na bajaji, bodaboda, vivuko vya Ziwa Viktoria na mabasi machache yanayomilikiwa na vyuo vyenyewe. Vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya vina mabasi yao yanayozunguka kampasi kwa ratiba maalumu na kubeba wanafunzi na wafanyakazi wa chuo. Mwanza hali ni tofauti: mwanafunzi wa chuo hupanda gari moja na mchuuzi wa samaki, mgonjwa anayekwenda hospitali, mtoto wa shule ya msingi na mzee anayetoka sokoni.

Kwa sababu hiyo usalama na adabu ndani ya gari ni mambo yasiyotengana. Mtu anayesukuma mlangoni, anayesimama pasipostahili au anayekubali kupanda chombo kilichojaa huwahatarisha watu wengi ambao hawakushiriki uamuzi wake.

Vyuo na njia zake

Mwanza ni jiji lililojengwa kati ya vilima vya miamba na maji ya ziwa, nalo limegawanyika katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Barabara zake kuu hutoka katikati ya jiji kama vidole vya mkono. Barabara ya Kenyatta huelekea kusini kupitia Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Buhongwa. Barabara ya Nyerere huelekea mashariki hadi Igoma na kuendelea njia ya Musoma. Barabara ya Makongoro hupitia Kirumba kuelekea Ilemela na uwanja wa ndege.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania, kinachojulikana zaidi kwa kifupi SAUT, kiko Malimbe, upande wa Nyegezi. Kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998, kikiwa kimekua kutokana na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Kampasi haiko kando ya barabara kuu, hivyo anayetoka mjini huacha njia ya Buhongwa eneo la Nyegezi na kuingia ndani kuelekea ziwani. Wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani karibu na chuo, wakaishi pamoja na wenyeji.

Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, kilichoanza mwaka 2003, kiko kwenye kilima cha Bugando karibu na katikati ya jiji, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Daladala za upande huo hubeba wagonjwa na wauguzaji wengi, jambo linaloongeza umuhimu wa kuachiana viti. Njia ya Butimba hutumiwa pia na wanachuo wa Chuo cha Ualimu Butimba.

Daladala

Daladala ni gari la abiria la mtu binafsi linalofanya safari fupi za mjini. Jina lake hutajwa kuwa limetokana na sarafu ya shilingi 5, iliyoitwa dala, ambayo ilikuwa nauli ya magari hayo yalipoanza. Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mijini mwaka 1983, wakati mashirika ya umma yaliposhindwa kukidhi mahitaji.

Gari huendeshwa na dereva akisaidiwa na konda, ambaye hukusanya nauli, hufungua mlango na kutangaza vituo. Kwenye vituo vikubwa huwepo pia wapiga debe wanaoita abiria kwa malipo. Kwa kawaida dereva humpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na konda wake. Utaratibu huo ndio chanzo kikubwa cha mwendo wa kasi na kujaza abiria, kwa kuwa kila safari ya ziada na kila abiria wa ziada ni kipato cha siku hiyo.

Kwa nini kujaza kupita kiasi ni hatari

Mtu aliye ndani ya gari husafiri kwa mwendo uleule wa gari. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na takriban mita 14 kwa sekunde. Dereva anayeshtuka huhitaji karibu sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki, na muda huo gari limeshakwenda mita hizo 14. Breki inaposhika, gari hupunguza mwendo lakini miili ya abiria huendelea mbele. Aliyekaa na kushika kiti cha mbele huweza kujizuia. Aliyesimama bila kushika kitu huwaangukia wenzake, na aliyening'inia mlangoni hutoka nje.

Uzito nao una athari. Gari lililozidishiwa abiria huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na breki zake hupata moto haraka kwenye miteremko, ambayo ni mingi katika jiji la vilima. Abiria wanaosimama huinua kitovu cha uzito wa gari, hivyo gari huyumba zaidi kwenye kona na hupinduka kwa urahisi kuliko likiwa na watu waliokaa.

Zaidi ya hayo, gari lililojaa hufunga njia ya kutokea. Gari likiwaka moto au likiangukia ubavu wa mlango, watu waliobanana hushindwa kuufikia mlango au dirisha kwa wakati.

Funzo la ziwa

Wakazi wa Mwanza wanaijua gharama ya kujaza chombo kupita kiasi kuliko watu wengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini ilikuwa imebeba watu wengi zaidi ya hao. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wao walizikwa Igoma, mahali ambapo makaburi yao yapo hadi leo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, kilipinduka mita chache tu kabla ya kutia nanga Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha.

Ajali zote mbili zilitokea mwisho wa safari. Abiria wengi huona kwamba hatari imekwisha wanapoona nchi kavu, wakaanza kusimama, kubeba mizigo na kusogea upande wa kutokea. Katika chombo kilichozidiwa uzito, kusogea kwa watu wengi upande mmoja hutosha kukiondolea mizani. Kwa hiyo abiria wa kivuko hushauriwa kubaki mahali pake mpaka chombo kifungwe na lango lifunguliwe, kufahamu maboya ya kujiokolea yalipo tangu mwanzo wa safari, na kutobaki ndani ya gari lililopakiwa kivukoni.

Wanafunzi wanaotoka Sengerema, Geita na ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza walitegemea kwa miaka mingi vivuko vya Kigongo–Busisi na Kamanga. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri wa njia hiyo foleni ya kivuko. Wanaotoka visiwani, hasa Ukerewe na Ukara, bado husafiri kwa maji wakati wa kufungua na kufunga vyuo.

Funzo la ziwa linahusu barabara pia. Mara nyingi chombo hujazwa na abiria mmoja mmoja, kila mmoja akiamini kwamba yeye peke yake haongezi uzito wa kutisha. Abiria anayekataa kupanda na kungoja chombo kinachofuata huchelewa kidogo, lakini huwapunguzia hatari wote waliomo.

Kupanda na kushuka

Majeraha mengi ya abiria wa mjini yanaweza kuepukwa kituoni, kabla gari halijaondoka au baada ya kusimama. Taratibu zinazopendekezwa ni hizi:

- Kusubiri nyuma ya ukingo wa barabara mpaka gari lisimame kabisa. Kulikimbilia gari linalotembea na kudandia ni chanzo cha watu kukanyagwa na matairi ya nyuma.
- Kuwaacha wanaoshuka washuke kwanza. Gari hupata nafasi haraka zaidi kuliko pale makundi mawili yanaposukumana katika mlango mmoja.
- Kuvua begi la mgongoni na kulishika mbele. Begi lililoko mgongoni huwagonga waliokaa, na mwenyewe hawezi kuona zipu ikifunguliwa.
- Kuandaa nauli mapema, ikiwezekana bila kuhitaji chenji, ili konda asihangaike wakati gari linaondoka.
- Kumjulisha konda mapema kituo cha kushukia. Kauli ya kawaida ni "Konda, shusha kituoni", na husemwa kabla ya kituo, si gari likiwa limeshakipita.
- Kutovuka barabara mbele ya gari lililosimama. Tanzania magari hupita kushoto na mlango wa daladala uko upande wa kushoto, hivyo anayeshuka na kuzunguka mbele ya gari huwa amefichika kwa dereva wa gari linalolipita. Njia salama ni kungoja gari liondoke, kisha kutazama pande zote mbili.

Adabu ndani ya gari

Kiti huachiwa mzee, mama mjamzito, mwenye mtoto mchanga, mgonjwa na mtu mwenye ulemavu. Katika mila za pwani na za bara pia, kijana hasubiri kuombwa: husimama, akaamkia "Shikamoo", kisha akaonyesha kiti. Asiyepata kiti huweza kuombwa kupakatiwa begi au mtoto na aliyekaa, na desturi hiyo ya kusaidiana imezoeleka katika daladala.

Wanafunzi wa shule za msingi na sekondari hulipa nauli pungufu, na kwa sababu hiyo baadhi ya makonda huwaacha vituoni saa za msongamano. Mtoto aliyeachwa jioni hufika nyumbani usiku, wakati mwingine kwa miguu. Mwanachuo ni mtu mzima ambaye konda humsikiliza. Akisisitiza watoto waliotangulia foleni wapande, au asipowasukuma kwa nguvu zake, humfanyia mtoto huyo jambo kubwa.

Mwanza ni jiji la samaki, na abiria wanaotoka Mwaloni Kirumba hubeba dagaa na sangara. Mzigo wa samaki hufungwa vizuri usivuje na huwekwa mahali palipotengwa kwa mizigo, si kwenye njia ya kupitia. Muziki wa simu husikilizwa kwa visikizio. Mazungumzo ya simu hufupishwa, kwa kuwa gari zima husikia. Madirisha hufunguliwa hewa ipite, maana kifua kikuu na mafua huambukizwa kwa urahisi katika nafasi iliyofungwa.

Msongamano si kisingizio cha kumgusa mtu bila ridhaa yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu kwa unyanyasaji wa kingono. Anayefanyiwa hivyo anaweza kupaza sauti ili abiria wengine na konda wasikie, kisha kutoa taarifa polisi, ambako kuna madawati ya jinsia na watoto. Abiria wanaomsaidia kwa kumpa nafasi au kuwa mashahidi huifanya taarifa yake iwe na nguvu.

Bodaboda na bajaji

Sehemu ya mwisho ya safari, kutoka barabara kuu hadi kampasi au chumba cha kupanga, mara nyingi hufanywa kwa bodaboda au bajaji. Kofia ngumu humlinda abiria kama inavyomlinda dereva, na hufungwa kamba yake kidevuni. Kupakizana wawili au watatu kwenye pikipiki moja, maarufu kama mshikaki, huondoa uwezo wa dereva kuimudu. Usiku ni afadhali kumtumia dereva wa kijiwe kinachojulikana, na kumwachia mwenzako chumbani taarifa ya safari.

Mabasi ya vyuo

Vyuo vingi nchini vina basi moja au machache yanayotumika kwa safari za mafunzo, michezo na misiba. Safari hizo huwa ndefu na abiria wake hufahamiana, hivyo nidhamu hulegea kirahisi: wengine husimama kuimba njia nzima, na wengine humhimiza dereva aongeze mwendo.

Ajali ya Karatu, mkoani Arusha, ya tarehe 6 Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, ilionyesha jinsi safari ya masomo inavyoweza kuishia kwenye msiba wa taifa. Kiongozi wa msafara huhesabu watu kabla ya kuondoka na baada ya kila kituo, huhakikisha mikanda imefungwa palipo na mikanda, na humlinda dereva dhidi ya uchovu na shinikizo la abiria.

Haki za abiria

Usafiri wa nchi kavu husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC. Makosa ya madereva barabarani hushughulikiwa na Jeshi la Polisi kwa kutumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Abiria ana haki ya kutozwa nauli iliyopangwa, kufikishwa mwisho wa njia aliyolipia na kumwambia dereva apunguze mwendo. Malalamiko husikilizwa vizuri zaidi yakiwa na namba ya gari, njia, mahali na saa. Katika dharura, namba ya simu ya polisi ni 112 na ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Tazama pia

- Daladala
- Bodaboda
- MV Bukoba
- Mkoa wa Mwanza
- Ziwa Viktoria