Mokambo: Pikipiki ya mashindano inahitaji blanketi?

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inauma Mokambo, mpakani na Zambia. Motari anayependa mashindano anaweza kutamani zile blanketi za umeme zinazofunikwa kwenye matairi ya MotoGP.

Blanketi hizo hupasha tairi moto. Zimetengenezwa kwa tairi laini zisizo na meno, ambazo zikiwa baridi hazishiki lami: kona ya kwanza tu, mtu chini! Tairi ya kawaida haizihitaji. Inapata moto yenyewe, ukienda polepole kilomita chache za kwanza. Tena zinataka umeme ao jenereta. Heri feza hizo zinunue tairi mpya na kaske nzuri. Upepo upimwe tairi ingali baridi, sababu ikishapata moto kipimo kinapanda na kudanganya.