Chekeche la mota ukilijaza sana, chenga hazitoki

Leo naongelea chekeche la mota, lile la kutikisika, maana mpunga ukishavunwa kila mtu analikimbiza kama bodaboda.

Mimi niko Morogoro mjini, nauza mchele wa Dakawa na wa Ifakara. Nilipoanza nilikuwa namwaga gunia zima kwa mpigo, nikijua ndio nawahi. Siku moja mama lishe akanirudishia kiroba cha kilo 50. "Mwanangu, si ulisema umetoa chenga?" Kufungua, chenga kibao. Nikamrudishia hela yake, akahamia duka jingine.

Tatizo ni hili. Chenga ili itoke lazima ishuke mpaka iguse wavu, ipate tundu, ipite. Mchele ukirundikana, chenga za juu zinapanda tu mgongoni mwa wenzao hadi mwisho, zinaingia kwenye gunia la mchele mzima. Yaani mashine inatikisika, umeme unaliwa, kazi hakuna. Tena ule uzito unakandamiza springi, mtikisiko unapungua, mchele unasogea polepole, mrundikano unazidi. Mkanda unateleza, mota inachemka. Mimi springi moja ilikatika hivyo hivyo na wavu ukalegea katikati.

Siku hizi nawasha likiwa tupu. Likishachanganya mwendo ndio nafungua mlango wa kulishia, kidogo kidogo. Macho yangu yako mwisho wa wavu: mchele ukifika pale uwe umetandazika mwembamba, wavu unauona hapa na pale. Ukiona umejaa kama uji, punguza. Na usambae upana wote, ukishuka katikati tu pembeni panakaa bure. Kuzima pia, subiri mzigo uishe wote, kwa sababu kuliwasha limebeba ndiko kunakochosha mota. Umeme ukikatika ghafla (na unavyokatika mnajua), toa mchele kwa mkono kwanza.

Mvua za Uluguruni zikianza, pumba inanata, matundu yanaziba, hata mzigo wa kawaida unakuwa mwingi. Zima, chomoa waya, sugua wavu kwa brashi toka chini. Usiugonge na fimbo, unatanuka.

Gunia moja linanichukua muda zaidi kuliko zamani, ila sirudii kuchekecha. Mama lishe karudi, japo bado anaingiza mkono hadi chini ya kiroba kabla hajalipa.