Daktari akimbeba paka hadi barazani, jua taa zimefeli

Ebu jiwekee picha hii. Saa nane mchana, Kisauni, jua linapiga hadi lami inanata. Ndani ya kliniki ndogo ya wanyama, daktari amemfunua paka mdomo, anautazama ufizi, anakunja uso. Anamnyanyua, anatoka naye hadi barazani, anautazama tena. Huko nje anaona kile ambacho hakukiona mezani: ufizi umegeuka manjano. Kwa mnyama hiyo si dalili ndogo. Huenda ini limeguswa, au damu inaharibika.

Sasa nikwambie kitu ambacho siku hiyo sikuthubutu kukisema. Taa za chumba kile nilizifunga mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikawa nambebea ngazi mjomba wangu, fundi wa stima. Mwenye kliniki alituambia tumwekee taa za kupendeza. Mimi nikajifanya mjuaji, nikachagua globu za manjano kama za mkahawa, kwa sababu picha za simu hutoka poa chini yake. Zikapendeza kweli. Lakini manjano chini ya manjano, nani ataiona?

Tangu siku ile, nikiingia kliniki yoyote, iwe Likoni, Magongo au Bombolulu, cha kwanza natazama dari. Nataka na wewe uanze. Kliniki nyingi huku ng'ambo ya kisiwa zimo kwenye vyumba vilivyojengwa viwe duka au nyumba ya kupanga. Taa moja katikati, basi. Chumba kilichokuwa kinauza unga kinageuka cha kung'olea meno na hakuna aliyegusa hata swichi.

Rangi kwanza

Ukishika katoni ya taa, tafuta mambo mawili. La kwanza ni namba yenye herufi K. 2,700K ni ule mwanga wa manjano wa sebuleni, 6,500K unaegemea buluu. Kwa chumba cha matibabu, 4,000K hadi 5,000K unakaa vizuri.

La pili ndilo wengi hatuliangalii: CRI. Hiyo ni alama inayosema taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, na kilele chake ni 100. Taa nyingi za bei ya chini ziko kwenye 80 hivi. Kliniki inataka 90 kwenda juu. Na hata hiyo 90 ina ujanja wake, maana hesabu ya kawaida hutumia rangi nane zilizopoa, na nyekundu iliyokolea haimo. Nyekundu hupimwa peke yake, inaitwa R9. Sasa jiulize daktari anatazama nini siku nzima: ufizi, ulimi, damu. Kwa hivyo muulize muuzaji kuhusu R9, na usione haya.

Kwa meno ni hivyo hivyo. Ukienda kutengenezewa jino la mbele, daktari huyalinganisha meno yako na vipande vya sampuli. Shida ni kwamba vitu viwili vinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Jino lililokubali ndani ya chumba, ukifika Mama Ngina Waterfront kupiga picha, linajitenga kama kigae kipya kwenye ukuta wa zamani. Kosa hilo huligharamii kwa pesa tu, unaligharamia kila ukicheka.

Kwa hivyo rangi ya jino ilinganishwe kabla ya kazi kuanza, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe zaidi. Futa rangi ya midomo. Leso yenye rangi kali ifunikwe kwa kitambaa cha kijivu. Na ukuta usiwe wa kijani kibichi au waridi, kwa kuwa mwanga hugonga ukuta ukabeba rangi yake hadi mdomoni mwako. Kijivu hafifu au nyeupe isiyong'aa inatosha.

Hesabu ya fundi

Mwanga unaofika juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Jua la mchana nje linaweza kupita 100,000. Kiwango cha Ulaya cha taa za ndani, EN 12464-1, kinataka chumba cha daktari wa meno kiwe na luksi 500 kwa jumla, na 1,000 pale alipo mgonjwa. Taa ya kiti, ile inayomulika mdomo, huenda juu zaidi, maelfu kwa maelfu.

Mbona ngazi tatu? Ni kwa ajili ya jicho. Daktari akiinua macho kutoka mdomo unaowaka kwenda kwenye trei iliyo gizani, mboni inapanuka, akirudi inasinyaa. Fanya hivyo kutwa nzima uone. Jioni kichwa kinamgonga, naye analaumu joto la Mombasa.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba 12. Zidisha kwa 500, unapata lumeni 6,000. Lakini mwanga mwingi humezwa na kuta, vumbi na uzee wa taa, kwa hivyo gawanya kwa 0.6, upate 10,000. Taa nne za lumeni 2,500 kila moja zinamaliza kazi.

Usizipachike juu ya uso wa mgonjwa. Yeye amelala chali, macho yote yako kwenye dari, na tayari ana hofu. Weka mbili upande huu wa kiti na mbili upande ule. Taa ya kiti nayo ipite karibu na njia ya macho ya daktari. Ikitokea pembeni sana, mkono wake mwenyewe unatia kivuli, naye anapinda shingo kukikwepa. Maumivu ya shingo na mgongo yanajulikana sana kwa madaktari wa meno kote duniani, na taa mbaya huyaongeza.

Kitu kingine: ile dawa nyeupe ya kuziba jino hugandishwa kwa mwanga wa buluu. Taa kali ya kiti inaweza kuanza kuigandisha daktari akiwa bado anaiumba. Nunua taa yenye hali ya manjano inayochuja buluu.

Wanyama hawatulii

Mbuzi haambiwi "fungua mdomo, tulia". Atageuka. Ndiyo maana juu ya meza ya wanyama ni bora mwanga utoke pande mbili, kivuli cha upande mmoja kiuawe na upande wa pili. Taa ifungwe darini au ukutani, isiwe ya kusimama chini ikapigwa teke.

Swichi nazo zitenganishwe. Fangasi wengine wa ngozi ya paka hung'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno, lakini chumba lazima kiwe giza. Skrini ya kupimia mimba pia husomeka vizuri mwanga ukipunguzwa. Kama swichi ni moja na dirisha halina pazia zito, utafanyaje?

Kabla hujalipa, washa taa uifanyie rekodi kwa kamera ya simu katika mwendo wa polepole. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo taa mbovu hupepesa mara 100. Jicho halioni, kichwa ndicho kinachouma. Ukiona mistari inatembea kwenye video, irudishe dukani.

Pwani ina mambo yake

Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, na jioni la magharibi linaingia moja kwa moja machoni. Wazee wa Mji wa Kale walilijua hili, ndiyo maana nyumba zao zina roshani na viunzi vya mbao vinavyochuja jua. Kiti cha mgonjwa kisitazame dirisha la magharibi.

Chumvi ya bahari hula vyuma, na chumba cha wanyama huoshwa kwa maji kila siku. Tafuta taa zilizozibwa vizuri, zenye alama IP65. Kisha kuna stima kupotea. Unakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani? Fikiria uko kwenye kiti, mdomo wazi, jino limetobolewa nusu. Taa za LED hula stima kidogo, hivyo betri ndogo yenye inveta inaweza kubeba taa ya kiti na ya mlangoni. Kazi yenyewe afanye fundi mwenye leseni ya EPRA, si mtu kama mimi wa kubeba ngazi.

Kile chumba cha Kisauni tulirudi kukibadilisha. Nilimwambia mjomba ukweli, akakata gharama kwenye pesa zangu. Daktari hakunigombeza. Alinionyesha tu ufizi wa paka mwingine mezani, chini ya taa mpya, akaniuliza naona rangi gani. Nikatazama vizuri. Ulikuwa wa waridi, mzima kabisa, na mlango wa barazani ulikuwa umefungwa.